Mliyemwandika "hana kazi" alikuwa mbele ya karai: barua ya wazi kutoka Amu

Kwa Naibu Chansela wa chuo kikuu na Mkurugenzi Mtendaji wa taasisi ya utafiti wa sera,

Assalaam aleikum, na salamu nyingi kutoka Amu, mji wa Lamu.

Nimepata habari kwamba mmetia saini mkataba wa maelewano wa kutafiti pamoja ukuaji wa uchumi, na kwamba pwani yetu ya kaskazini, Lamu ikiwemo, imo katika mpango huo. Nimefurahi, na nasema hivyo kwa moyo mweupe. Chuo kina walimu na vijana wanaojua hesabu. Taasisi ina mlango wa kuingilia kwa wale wanaopanga bajeti. Mara nyingi wawili hawa huishi mbalimbali: tasnifu zinajaa vumbi maktabani, na sera zinaandikwa na watu ambao hawakuwahi kuzifungua. Majina yenu sikuyataja kwa sababu ninayoyasema yanawahusu pia waliowatangulia na watakaokuja baada yenu.

Ombi langu ni moja, na nalisema mapema ili msihangaike kulitafuta. Matokeo yenu yaleteni kwetu yakiwa bado rasimu, kwa Kiswahili, kabla hayajafika mezani kwa waziri, gavana au mfadhili. Tusomeeni, kisha mtupe nafasi ya kuwaambia: hapa mmekosea.

Niwaeleze kwa nini jambo hili linanikaa rohoni.

Mimi ni mzaliwa wa Langoni, mtaa wa hapa Amu. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikipata vibarua vya kukusanya takwimu, wiki tatu hapa, mwezi mmoja kule, mwanzo kwa fomu za karatasi, baadaye kwa tabuleti. Nimepiga hodi Mkomani, Shela na Matondoni. Nimevuka hadi Siyu, Faza na Kizingitini, nimelala Hindi na Mpeketoni. Nimeuliza watu wengi maswali ambayo hata ndugu zao hawawaulizi: unakula mara ngapi, unadaiwa na nani, umezaa wangapi na wamebaki wangapi. Walinijibu kwa sababu wananijua, au wanamjua mama yangu.

Katika moja ya kazi hizo nilifika kwa mama mmoja wa mtaani kwetu, yapata saa tatu asubuhi. Alikuwa uani mbele ya karai. Tafi waliokwisha kupakwa chumvi na manjano walikuwa wamepangwa kwenye sinia, mafuta yanatokota, moshi wa vifuu na makumbi unamwingia machoni naye anaufukuza kwa ncha ya leso. Mlangoni walisimama watoto wawili, kila mmoja na sarafu yake mkononi, wanasubiri. Akanisogezea mbuzi ya nazi nikakaa, nikaanza kuuliza. Nilipofika kwenye swali la kazi nilimsomea kama lilivyoandikwa: je, umeajiriwa, au una biashara iliyosajiliwa?

Akawageuza samaki upande wa pili kwanza. "Kazi gani mwanangu?" akasema. "Mimi niko nyumbani tu."

Kwenye tabuleti palikuwa na vijisanduku vya kuchagua. Nikabonyeza "mama wa nyumbani, hana kazi", nikaendelea na swali la choo. Nilikuwa na nyumba nyingine za kumaliza kabla ya magharibi, na malipo yetu yalikuwa kwa idadi ya fomu. Nilipoinuka alinifungia vipande viwili vya tafi kwenye karatasi. Nikatoa pesa, akazirudisha mkononi mwangu.

Siku nyingine, bila fomu yoyote, nilikaa naye akanihesabia kwa vidole. Alfajiri hushuka gatini akanunua samaki wa elfu moja na mia tano, pengine kwa pesa taslimu, pengine kwa deni la mpaka jioni. Humo hutoka mafuta, kuni, chumvi, na mia moja ya kijana wa kumbebea. Siku ya kawaida hubaki na mia nne, siku njema hufika mia saba. Kwa karai lile amemsomesha binti yake hadi chuo cha ualimu. Pwani nzima wanawake wa kazi hii wana jina, wanaitwa mama karanga. Wana jina, wana wateja, wana wadeni, lakini kwenye fomu yangu hawakuwa na kazi.

Miaka ikapita. Katika mafunzo ya kazi nyingine mkufunzi akatueleza kanuni ya Shirika la Kazi Duniani: mtu aliyefanya kazi ya kujipatia kipato kwa japo saa moja katika siku saba zilizopita anahesabiwa kuwa yumo kazini. Saa moja tu! Yule mama alikuwa ameipita saa hiyo siku ile ile kabla sijapiga hodi. Kwa hiyo hata kwa kipimo cha wataalamu wenyewe nilimwandika vibaya. Kosa lilikuwa la swali nililopewa, na lilikuwa la kidole changu pia. Mpaka leo nikipita uani kwake naharakisha hatua.

Kosa kama hilo halibaki kwenye nyumba moja. Lamu ndiyo kaunti yenye watu wachache kuliko zote nchini. Sensa ya 2019 ilituhesabu 143,920. Utafiti wa kitaifa ukija huku huchagua nyumba chache, na kila moja husimama badala ya nyingine nyingi ambazo hazikuulizwa. Mimi nilipombonyeza mama mmoja nimewabonyeza pamoja naye wanawake ambao sijawahi kuwaona. Kisha atatokea mtu, msomi na mwenye nia njema, atasoma jedwali na kuandika kwamba wanawake wa Lamu hawashiriki katika uchumi. Atapendekeza semina ya kuwahamasisha wajasiriamali. Mama mwenye karai atapewa kalamu, kijitabu na soda, na atarudi nyumbani na deni lake la samaki kama alivyokwenda.

Jedwali lile kama lingerudi Langoni likasomwa kwa sauti mbele ya watu, yule mama mwenyewe angenyanyua mkono. Kosa lingekwisha kwa dakika mbili. Halikurudi. Katika kazi zote nilizofanya sikuona hata mara moja matokeo yakiletwa Amu. Fomu zilikamilika, boti ikaelekea Mokowe, gati la upande wa bara, ikawa basi. Siku hizi nikipiga hodi huulizwa kabla sijakaribishwa: yale ya mwaka juzi yalifika wapi? Sina la kujibu, na najua kwamba nyumba nyingine zinanijibu siku hizi ili niondoke tu. Takwimu zinazopatikana hivyo nyinyi ndio mtakaozijengea hoja.

Sasa nije kwa wavuvi, maana huko ndiko neno "wastani" linakoumiza zaidi.

Kizingitini nilimuuliza mzamiaji wa kamba mawe anapata kiasi gani kwa mwezi. Akaniuliza, mwezi upi? Nilidhani hakunielewa nikarudia swali. Alikuwa amenielewa vizuri kabisa. Mvuvi haishi kwa mwezi wa mshahara, anaishi kwa mwezi wa mbinguni, wenye bamvua mara mbili na maji mafu mara mbili. Bamvua maji hukimbia kwa nguvu, maji mafu hutulia. Mzamiaji ana siku zake, wa nyavu ana zake, wa mishipi ana zake. Juu ya hayo kuna pepo za misimu. Wakati wa kaskazi bahari hutulia, watu hutoka nje ya miamba. Kusi ikishika, miezi ya katikati ya mwaka, vyombo vidogo hubaki ndani ya mikono ya bahari, na ziko siku za kukaa barazani na kushona nyavu tu. Sisi tulikuwa tumekwenda Januari. Yule bwana alinitajia pesa ya wiki iliyopita, nami mashine ikaizidisha. Akawa tajiri wa mwaka mzima. Tungekwenda Julai angekuwa maskini hohehahe, na mtu ni yule yule.

Zaidi ya hayo, fomu haikuwa na nafasi ya kuandika kwamba mashine ya boti ni ya tajiri anayenunua samaki wake, na kwa ajili hiyo hawezi kumuuzia mwingine hata akipewa bei bora. Deni hilo halina riba iliyoandikwa popote. Riba yake imo ndani ya bei ya kilo.

Njia ya kuepuka kosa la pepo inajulikana. Shirika la Takwimu la Taifa, KNBS, lilipofanya uchunguzi wake mkubwa wa bajeti za nyumba wa 2015/16 lilikwenda miezi 12, kuanzia Septemba hadi Agosti, ili misimu yote ionekane. Basi msije mara moja na kurudi. Njooni kaskazi, mje na kusi. Ikiwa pesa zinatosha safari moja tu, semeni wazi kwenye ripoti kwamba mlikuja kwa upepo mmoja.

Nagusia pia neno "mkuu wa kaya", yaani mkubwa wa nyumba, ambalo nimelisoma milangoni mpaka limenichosha. Kwa jirani zetu Wamijikenda kaya ni msitu wa wazee wao. Na kwa desturi ya Amu baba humpa binti nyumba anapoolewa, mume ndiye anayehamia. Nikimuuliza mke "mkuu wa kaya ni nani" hunitajia mume, kwa heshima. Nikiuliza "nyumba hii ya nani" hunijibu, "yangu, alinipa baba." Ni maswali mawili, na kwa mtu anayechunguza nani anaweza kuweka rehani na kukopa, la pili lina uzito mkubwa zaidi.

Lakini kubwa katika mkataba wenu ni neno ukuaji, na Amu neno hili lina historia. Tarehe 2 Machi 2012 Rais Mwai Kibaki, Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia walikuja kuzindua mradi wa LAPSSET: bandari, barabara, reli na bomba la mafuta. Mei 2021 gati la kwanza likafunguliwa, na mengine mawili yakafuata. Mimi si mpinzani wa bandari. Nina wadogo zangu wanaotafuta kazi. Ila nataka muufikirie kwa makini mfumo wa hesabu. Pato la kaunti, ambalo KNBS ilianza kulichapisha mwaka 2019, huhesabu kazi pale inapofanyika. Zege likimwagwa Lamu, thamani yake huandikwa Lamu. Faida ya mkandarasi na mshahara wa mhandisi vinakwenda kwao, na hilo haliizuii namba ya Lamu kupanda. Tena mahali pa kuvulia pakifukiwa au pakichimbwa, hakuna safu ya kupunguza kilichopotea. Hesabu ya pato haina mahali pa kuweka mwamba uliokufa.

Wavuvi walikwenda mahakamani kuhusu jambo hili. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliona kwamba haki zao zilikiukwa, ikiwemo haki ya kupewa habari na kushirikishwa, ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi wapatao 4,600. Someni hukumu ile kabla ya kuandika swali lenu la kwanza. Humo mtaona kwamba watu walilalamikia kutoambiwa kabla ya kulalamikia pesa. Na fidia ilipokwisha kuamriwa likaja swali gumu la orodha: nani mvuvi? Mwenye chombo? Baharia wake? Mama karanga asiyegusa maji lakini anaishi kwa samaki? Fundi wa mashua wa Matondoni? Jina kuwamo au kukosekana kwenye orodha lilikuwa ni pesa ya familia. Ndiyo maana nikisema mtu ameandikwa vibaya nakusudia madhara yanayoonekana kwenye sahani.

Mfano mwingine. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, Juni 2014, iliwekwa kafyu, na kwa miaka wavuvi wa Lamu walikatazwa kuvua usiku. Mtu akikaa na takwimu za samaki za kipindi kile bila kumuuliza mvuvi, ataona zimeshuka, naye atatafuta sababu mahali anapopazoea: zana duni, uvuvi kupita kiasi, vijana kukosa hamu ya bahari. Huenda zote zina ukweli kidogo. Lakini mzee yeyote wa Faza angemwambia kwa sentensi moja: tulikatazwa kutoka. Mkata boriti naye ana mwaka wake, 2018, serikali ilipositisha ukataji wa miti nchini na mikoko ikaingia humo, wakati zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu. Namba zina tarehe zake. Sisi tuliozipitia tarehe hizo tunazikumbuka bila kufungua kitabu.

Najua mtakayoyasema, kwa sababu niliwahi kuambiwa nilipouliza. Mtasema hakuna fungu la kurudisha matokeo. Basi litieni sasa, mkataba ungali mpya. Ukumbi Amu, spika, kukodi boti ya kwenda Faza na Kizingitini, chai na mahamri kwa watu waliokaa kuwasikiliza: haya yote hayafiki gharama ya uzinduzi mmoja wa ripoti katika hoteli ya Nairobi. Mtasema watu wakiiona rasimu watataka kuibadilisha, na wanasiasa watajiingiza. Hatuwaombi mbadilishe hesabu ili zitupendeze. Mkiona sisi ndio tuliokosea, acheni yenu kama ilivyo, ila andikeni chini yake kwamba Kizingitini walisema hivi na sababu yao ni hii. Msomaji ataamua.

Mtasema pia kwamba ripoti za uchumi haziandikiki kwa Kiswahili. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi. Pato, akiba, riba, mtaji, faida, hasara, ushuru: maneno haya yalikuwa yakitumika kwenye majahazi ya Amu zamani sana, kabla ya kuwapo taasisi yoyote ya sera. Kurasa kumi zinatosha, na zikisomwa redioni zitafika Kiunga, zitafika kwa Waboni wa Bar'goni na wakulima wa Witu, ambao nao mtawahoji na ambao barua hii haikuwatendea haki. Sisi watu wa visiwani hujisahau tukadhani Lamu ni bahari tu.

Kuhusu kibali: masharti ya NACOSTI, Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi inayotoa vibali vya utafiti, yanamtaka mtafiti awajulishe Gavana, Kamishna wa Kaunti na Mkurugenzi wa Elimu kabla ya kuanza, na awasilishe nakala ya ripoti kwa Tume akimaliza. Katika vibali nilivyobeba mkononi sikuona mstari unaomtaka arudi kwa mama aliyemjibu. Hamlazimishwi, basi. Nawaomba mfanye bila kulazimishwa.

Na muda una maana. Mpango wa maendeleo wa miaka mitano wa kaunti unaotumika sasa ni wa 2023 hadi 2027, na unaofuata utaanza 2028. Tena kila mwaka mpango wa maendeleo wa mwaka mmoja hutakiwa kufika bunge la kaunti si zaidi ya Septemba mosi, na waraka wa mwelekeo wa fedha mwishoni mwa Februari. Rasimu yenu ikija baada ya mpango mpya kufungwa tutaisoma kama habari za marehemu. Ikija mapema, kikundi cha wavuvi au chama cha kina mama kinaweza kuingia na karatasi yenu kwenye kikao cha kuwasikiliza wananchi na kusema: soko la samaki linahitaji barafu, ushahidi ni huu hapa, ukurasa wa nne.

Neno dogo juu yetu sisi tunaobeba tabuleti. Mkituajiri, tulipeni kwa siku, msitulipe kwa fomu. Mkiisha kukusanya, wawili au watatu kati yetu wakae nanyi mnapozichambua. Mtakapoona namba ya ajabu kutoka Langoni, awepo mtu chumbani wa kuwaambia ilikuwa asubuhi gani, na karai lilikuwa wapi.

Yule mama bado anakaanga. Siku hizi macho yanamsumbua na mjukuu ndiye anayewageuza samaki, lakini alfajiri anashuka gatini mwenyewe, maana anasema kijana hajui kuangalia mashavu ya samaki. Mkija na rasimu nitawapokea kwenye boti ya Mokowe na kuwapeleka kwake. Chukueni ukurasa unaozungumzia wanawake na kazi. Nitamsomea mimi, polepole, nanyi mkae kwenye mkeka msikie atakavyojibu.

Wenu katika kazi,

Mkusanya takwimu,
Langoni, Amu